Swali la Kumi na Nne

Siku Ndesanjo alipokutana na sosholojia kwa mara ya kwanza, alikuwa kwenye foleni ya fotokopi pale Levolosi, na Jumamosi ya wiki inayofuata ilikuwa imemkaba kooni.

Jumamosi hiyo Mzee Loserian, baba yake Nashipae, angeshuka kutoka Kisongo na ndugu zake wawili kuja kuliona duka. Kwa miezi mingi Ndesanjo alikuwa amemwambia Nashipae, kwa ulimi ule ule uliowahi kumuuzia mtalii ramani ya Mlima Meru iliyochorwa kwa bolpeni, kwamba ana duka la vifaa vya umeme Ngarenaro. Nashipae ni fundi cherehani, mtu anayependa kila kitu kikae kwenye mstari. Akamweleza baba yake. Mzee akajibu kwa ufupi: "Nitaliona. Nikishaliona, tutazungumza habari za ndoa."

Na duka lilikuwepo, msimwonee. Lilikuwa na mlango wa chuma, rafu nyeupe kuanzia sakafuni hadi darini, na kibao kikubwa chekundu: NDESANJO VIFAA VYA UMEME. Kilichokosekana ni vifaa vya umeme.

Mbele yake kwenye foleni alisimama binti mwembamba aliyekumbatia bunda la karatasi kama amebeba mtoto mwenye homa. Aliitwa Ruth, alikuwa anasoma sosholojia, na asubuhi ile alikuwa ameshagombana na watu wote isipokuwa mwenye mashine.

"Dodoso langu nimelifanyia majaribio Tengeru," alikuwa akimlalamikia. "Swali la kumi na nne linaniua. Nauliza kaya ina vifaa gani. Baba mzima ananiambia hana televisheni. Na wakati ananiambia hivyo, chumbani nasikia mtu anasoma hali ya hewa."

"Labda ni mke wake," alisema mwenye mashine.

"Mke wake anajuaje joto la Mtwara?"

"Sasa anaficha nini?"

"Mali. Watu wakiona dodoso, wanadhani nyuma yake kuna mradi. Ng'ombe, tangi la maji, sijui mabati. Mtu anaogopa akionekana anazo ataachwa, kwa hiyo anajishusha. Ila hiyo ni nusu tu ya tatizo, kaka. Nusu ya pili mwalimu wetu kila siku anatuambia..."

Nusu ya pili haikumpata Ndesanjo. Alikuwa ameshainama kwenye boksi la karatasi zilizoharibika, akaokota nakala moja yenye doa la wino, na alipotoka mlangoni alikuwa anapiga mluzi.

Mtaa wa pili aliingia kwa mwenye mashine mwingine. Nakala zote zilitoka vizuri, lakini ukurasa wa kwanza alikataa kuulipia. Ulikuwa umejaa maneno tu: mimi naitwa nani, lengo la utafiti huu ni lipi, majibu yako yatakuwa siri, una haki ya kukataa, una haki ya kuacha muda wowote. Aliusoma hadi katikati akapiga miayo.

"Huu tuuache," alisema. "Biashara gani inaanza kwa kumwambia mteja ana haki ya kukataa?"

*

Alichagua Kikwe kwa sababu ya madishi. Aliwahi kupita huko akaona paa baada ya paa limeota dishi la televisheni kama uyoga baada ya mvua, na Ndesanjo akiona dishi hahitaji kuambiwa kuna nini chini yake.

Alifika Jumapili, amevaa kizibao cha mifuko mingi kama cha waongozaji watalii. Shingoni alining'iniza kitambulisho cha semina ya ufugaji nyuki, semina ambayo alihudhuria chakula chake cha mchana tu, na alikigeuza upande usio na maandishi. Jina lake hakubadilisha. Katika kazi zake zote Ndesanjo ana kanuni hiyo moja: mtu mwenye jina la uongo huchelewa kugeuka akiitwa.

Kwenye usharika ule, ibada ikiisha watu hawakimbilii nyumbani. Sadaka za mazao hutolewa nje, mikungu ya ndizi, mayai, vidumu vya maziwa, na mzee wa kanisa huvinadi mpaka cha mwisho. Mgeni anayetaka kujulikana hana haja ya barua ya utambulisho. Apandishe bei ya jogoo. Ndesanjo alipandisha. Wa mbele wakageuka, kinamama wa kwaya wakaacha kukunja majoho, na jogoo akaenda kwake kwa bei ya mbuzi. Baada ya hapo nani angemnyima nafasi ya kusalimia?

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi ni msaidizi wa utafiti wa ustawi wa kaya. Wataalamu wetu wanakuja Ijumaa na dodoso kamili, mimi natangulia kuandikisha. Nataka nieleweke vizuri. Huu ni utafiti tu. Hakuna mradi. Hakuna ng'ombe wa maziwa watakaogawiwa kwa kaya zisizo na kitu. Mkimsikia mtu anasema kuna ng'ombe, mwambieni Ndesanjo amekataa."

Kisha mama mmoja mwenye kidumu akanyoosha mkono.

"Hao ng'ombe ni wa aina gani?"

"Mama, nimesema hakuna."

"Tumesikia, baba. Nauliza tu. Hao ambao hawapo, wana mimba au bado?"

Ndesanjo alilazimika kukohoa ili asicheke. Amewahi kuuza vitu vingi maishani kwa kuvisifu. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuuza kitu kwa kukikana.

*

Wa kwanza kuuma ndoano alikuwa Elifuraha, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, mwenye nyumba ya vigae na duka la mbolea barabarani. Alimkaribisha chai jioni ile ile, akafunga mlango, akashusha pazia. Ukutani kulikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa kitenge. Elifuraha akakifunua, na televisheni bapa, pana kama kitanda cha mtoto, ikamulika sebule nzima.

"Majirani hawaijui hii," alinong'ona. "Huwa naiangalia bila sauti. Sasa kijana, hilo swali la kumi na nne. Mtu akiwa nayo, anakatwa?"

"Mzee, mimi siwezi kusema anakatwa."

"Lakini anakatwa."

"Siwezi kusema."

"Na akiwa na friji?"

Ndesanjo akanywa chai, akatazama dari kwa huzuni kubwa.

"Nimekuelewa," alisema Elifuraha, mwanamume mwenye ng'ombe watano bandani na nafasi ya wa sita moyoni. "Na kama siku hiyo vitu havimo ndani?"

"Dodoso halijui jana wala kesho. Linauliza leo, ndani ya kaya, kipo au hakipo."

"Nikivihifadhi kwa jirani?"

"Jirani naye ana dodoso lake."

Elifuraha akazunguka meza. Alipofika upande wa pili alikuwa ameshapata jibu, na alilileta kana kwamba ni la kwake peke yake.

"Wewe huna mahali pa kuhifadhi mjini?"

Ndesanjo alikataa. Alikataa kama mtu anayeombwa figo. Utafiti una maadili yake, alisema. Yeye ni mtu mdogo, ana mama. Elifuraha alimbembeleza mpaka chai ikaota ngozi juu. Mwishowe kijana akakubali, kwa uchungu, kwamba lipo ghala Ngarenaro, lina rafu, lina kufuli. Angevitunza bure hadi Jumapili.

"Na wengine je?" aliuliza Ndesanjo. "Wakiona vyako vinaondoka peke yake, watasema."

"Hao niachie mimi," alisema Elifuraha.

Wanasosholojia huchagua kaya nyingi kabla hawajaisemea jamii nzima. Ndesanjo aliona televisheni moja ikiwaka, akahesabu madishi yote ya Kikwe, akalala usingizi mzuri.

*

Kijijini palikuwa na bibi mmoja mjane, Kaanaeli, aliyekuwa amehojiwa kuliko mtu yeyote upande ule wa Meru. Ukutani kwake, pembeni ya picha ya kipaimara, zilipangwa picha alizopiga na watafiti: wa mbegu, wa malaria, wa majiko sanifu, na mzungu mmoja mrefu wa mambo ya udongo ambaye kichwa chake hakikuenea kwenye fremu. Jumatatu Ndesanjo alimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Ndiyo wewe wa ng'ombe wasiokuwepo?"

"Ni mimi," alisema, akakaa, akafungua ubao wake wenye kibanio. "Jina la mkuu wa kaya?"

Bibi alimtazama tu, kisu mkononi, kama mtu anayengoja chakula kiombewe.

"Anza basi," alisema.

"Nimeshaanza, bibi."

"Aaa. Umeshaanza." Akarudi kwenye ndizi zake, na tabasamu dogo likamtoka upande mmoja wa mdomo. "Haya. Mkuu wa kaya ni mimi. Uliza."

Waliulizana na kujibizana hadi swali la kumi na nne. Televisheni? Ipo, ile ya chogo, chini ya kitambaa cha kufuma. Friji? Ipo. Bibi akaifungua: ndani mlikuwa na mbegu za maharage kwenye makopo, zimepangwa vizuri kama vitabu.

"Umeshatoa chakula tayari," Ndesanjo alimsifu.

"Nimejiandaa mapema, mwanangu. Sasa naona hapo pameandikwa hali ya kifaa. Mbona hujaniuliza?"

"Ina hali gani, bibi?"

"Nzima. Inagandisha mpaka mawazo."

Ndesanjo akaweka tiki kwenye *kizima*.

"Na televisheni?"

"Nzima kama mimi. Tia sahihi hapo chini, unipe na nakala. Si kwamba sikuamini. Mimi ni mzee, ninasahau vitu vyangu."

Ndesanjo akatia sahihi. Angekataaje? Mtafiti asiyetia sahihi ni mtu gani? Bibi akamwita mpita njia mmoja, wakapigwa picha wamesimama na friji katikati yao kama mtu na mkewe. Kesho yake, kila kaya aliyoingia ilitaka vivyo hivyo: kifaa kizima, tiki, sahihi, nakala. Redio kubwa nzima. Pasi nzima. Sabufa nzima, inatikisa hadi kwa mchungaji. Mkono ulimuuma, lakini moyo ulikuwa unaimba.

Jumatano alileta Canter ya kukodi. Watu wa Kikwe walimbebea wenyewe, wakafunga kamba wenyewe, wakamwombea safari njema. Wakati dereva anawasha gari, Bibi Kaanaeli akafungua mlango wa mbele akapanda.

"Bibi, unaenda wapi?"

"Nina mjukuu Levolosi. Na friji yangu haijawahi kusafiri peke yake."

Ndesanjo alifika mjini akiwa nyuma, amebanwa kati ya sabufa mbili. Kibao cha duka alikuwa ameshakifunika kwa turubai. Bibi aliangalia rafu zikijaa, akaangalia kufuli, akaangalia turubai, akasema ghala ni zuri, akaondoka kwa miguu.

Mpango uliobaki ulikuwa mwepesi. Jumamosi asubuhi mzee aone. Jumamosi jioni vitu viende Moshi, kwa jamaa anayenunua bila kuuliza. Jumapili Kikwe wamsubiri Ndesanjo kama walivyokuwa wanawasubiri ng'ombe.

*

Mzee Loserian aliingia dukani na fimbo mkononi, shuka jekundu begani juu ya koti, ndugu zake wawili nyuma. Nashipae alifuata, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, anaangalia rafu kwa macho makubwa. Kila kitu kilikuwa kimefutwa vumbi. Televisheni zilikaa mstari mmoja, friji zimesimama kama askari wa gwaride.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee alitembea polepole hadi mwisho wa duka, akarudi. "Ero, kijana, vitu ni vingi."

"Ni neema tu, baba."

"Washa ile."

Ndesanjo akachomeka. Televisheni ya chogo ikabaki imemkodolea macho.

"Umeme ni mdogo leo," alisema Ndesanjo.

Mzee akatazama taa iliyokuwa inawaka juu ya kichwa cha kijana. Aligusa nyingine kwa fimbo. "Hiyo."

Hiyo nayo, kimya. Ya tatu ilitoa harufu ya waya, basi. Ndesanjo alianza kutokwa jasho nyuma ya masikio, mahali ambapo jasho lilikuwa halijawahi kumtoka hata polisi. Ndugu mmoja wa mzee alifungua friji kutafuta maji ya kunywa, akatoa haragwe moja na kidudu kimoja, akaviweka vyote kwenye kiganja na kuvionyesha.

"Hizi," alisema Mzee Loserian, "ni bidhaa au ni marehemu?"

"Baba, subiri!" Ndesanjo alikimbilia televisheni ya Elifuraha, bapa na pana, akaichomeka kwa mikono miwili. Ikawaka. Mtangazaji akajaa ukutani na meno yake yote. Nashipae akashusha pumzi. Mzee akaitikia kwa kichwa, si haba, si haba.

Ndipo Canter ikasimama nje.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Kaanaeli, nyuma yake kinamama wa kwaya, nyuma yao nusu ya kikundi cha maziwa, kila mtu na karatasi yake mkononi. Elifuraha alikuja mwisho, akajipenyeza, na alipoiona televisheni yake inawaka mbele za watu, mdomo ukaitangulia akili.

"Hiyo ni yangu!"

Mzee Loserian akageuka na fimbo yake.

"Tumekuja kuchukua vitu vyetu, mwanangu," alisema Bibi Kaanaeli kwa upole wa Jumapili. "Wataalamu wa Ijumaa hatukuwaona. Tunataka vizima, kama ulivyoandika." Akampa Mzee Loserian nakala yake. "Shemeji, nisomee hapo, macho yangu ni ya zamani."

Mzee akaisogeza karatasi mbali, akaivuta karibu. "Friji moja. Kizima. Televisheni moja. Kizima." Akainua macho. "Hii sahihi ni yako?"

Ndesanjo aliiona milango yote miwili, na yote ilikuwa imefungwa. Akisema vilikuwa vizima, basi ameviua yeye, na avilipe. Akisema alivichukua vikiwa vimekufa, basi si vyake, na alitia sahihi ya uongo, na baba mkwe anasikiliza. Alimtazama Nashipae. Nashipae alikuwa anasubiri jibu lile lile kama baba yake, ila yeye alikuwa ameshaanza kuuma mdomo.

Katika dhiki ile, ulimi wa Ndesanjo ukafanya kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya.

"Ni yangu, baba," alisema. "Mimi ni fundi. Hawa ni wateja wangu. Niliahidi kuwarudishia vikiwa vizima, nikatia sahihi kabisa. Sikutaka kujisifu mbele yako. Kazi ndiyo kwanza inaanza: hiyo ya Mzee Elifuraha nimemaliza juzi, mnaiona."

Macho yote yakamgeukia Elifuraha. Jasho lake nalo likapata njia. Akisema televisheni yake ilikuwa nzima tangu nyumbani, kinamama wa kwaya watajua ni mpya, na kwamba aliificha ili akamate ng'ombe wa maskini.

"Ndiyo," alisema Elifuraha. "Ameitengeneza... vizuri tu."

"Kumbe na yako ilikuwa imeungua, Mwenyekiti?" aliuliza mama wa kidumu. "Mbona mimi naiona mpya?"

"Fundi ni mzuri," alisema Elifuraha.

"Na anatutengenezea bure," akaongeza Bibi Kaanaeli, haraka, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Kijiji kizima. Wajane na wasio wajane. Shemeji, kijana huyu ana moyo, sijui umempata wapi."

Ndesanjo alifungua kinywa kusema jambo kuhusu neno *bure*. Mzee Loserian alikuwa ameshamwekea mkono begani, mkono mzito.

"Mimi nilitaka kumwona mwenye duka," alisema mzee. "Wenye maduka ni wengi. Mtu anayewasaidia wajane bila malipo, huyo nitamngoja. Vitu vya hawa watu vikiwaka vyote, nije niviangalie, ndipo tutakaa kuzungumza. Kabla ya hapo, hapana."

Wakagonga mikono. Kinamama wakapiga vigelegele. Nashipae alisogea karibu na Ndesanjo, akazungumza bila kusogeza midomo.

"Tangu lini wewe ni fundi?"

"Tangu baba yako aliposoma ile karatasi."

"Basi jifunze haraka," alisema Nashipae. "Mimi sitaki kuzeeka nikisubiri friji ya watu."

*

Watu walipotawanyika, Bibi Kaanaeli alibaki amekaa juu ya sabufa, anapumzisha magoti.

"Bibi," alisema Ndesanjo, "mmenimaliza. Vyote vilikuwa vimekufa?"

"Masika hii radi ilipiga transfoma yetu, jioni, watu wote wamewasha. Kila kilichokuwa kwenye umeme kilikufa pale pale. Mafundi wakatutajia bei, tukaamua kuweka mbegu kwenye friji. Mimi namshangaa Elifuraha tu. Sote tulileta maiti, yeye akaleta mzima. Alisikia ng'ombe, masikini."

"Na mlijua mimi si mtafiti."

"Mwanangu, mimi nimehojiwa tangu nina meno yote. Mtafiti wa kweli akikaa, kabla hajauliza hata jina, ananisomea karatasi. Nina haki ya kukataa. Nina haki ya kuacha. Majibu ni siri. Anasoma mpaka ugali unaungua. Wewe ulianza tu. Nikasema, huyu anataka nini? Ulipouliza friji, nikajua. Jioni ile ile kinamama wakakaa, tukakubaliana majibu."

"Kwa nini hamkuniita mwizi, basi, pale mbele ya mzee?"

"Nikikuita mwizi, utafungwa, na friji yangu itabaki kabati la maharage." Bibi alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Watafiti wote waliopita walichukua majibu yetu wakaenda nayo, hata mmoja hakurudi. Wewe tumekuchagua wewe urudi. Uanze na friji."

Pesa ambazo Ndesanjo alikuwa ameziweka kwa ajili ya mahari ndizo zilizomlipa fundi halisi wa mtaa wa pili, pamoja na vipuri, pamoja na masomo, kwa sababu Mzee Loserian alikuwa na tabia ya kupita ghafla na Ndesanjo alihitaji kukutwa ameshika bisibisi. Friji ya Bibi Kaanaeli ilitangulia kuwaka. Zilizobaki ziliendelea kukaa kwenye mstari, zikimkodolea macho, na kila moja ilipowaka Nashipae alikata kipande kingine kidogo cha kitambaa cha gauni lake la harusi, asije akashona kabla ya wakati.

Asubuhi moja binti mwembamba aliingia dukani, karatasi zimekumbatiwa kifuani.

"Habari za kazi, kaka. Naitwa Ruth, ni mwanafunzi wa sosholojia. Nafanya utafiti kuhusu wafanyabiashara wadogo wa Ngarenaro. Kabla sijaanza, naomba nikusomee ukurasa huu."

Ndesanjo aliweka bisibisi chini. Alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza somo la Injili. Ruth alisoma yote: jina, lengo, siri, haki ya kukataa, haki ya kuacha muda wowote. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza vizuri hivyo. Wengine kwenye ukurasa ule huangalia simu.

"Umeelewa, kaka?"

"Nimeelewa sana. Dada, nikuulize. Siku moja pale Levolosi ulimwambia mwenye fotokopi kwamba watu wanajishusha kwenye dodoso. Ukasema hiyo ni nusu. Nusu ya pili ilikuwa nini?"

Ruth akashangaa, kisha akacheka. "Kwamba wengine wanajipandisha. Mtu akiona kuna faida katika kuonekana anacho, atakuambia anacho, tena kizima. Kwa hiyo usiandike tu anachosema. Angalia kwanza. Washa."

Ndesanjo aliitikia kwa kichwa polepole, mara moja, kama mtu aliyepokea risiti ya kitu alichonunua ghali.

"Haya, tuendelee," alisema Ruth. "Swali la kumi na nne. Je, una vifaa vifuatavyo? Televisheni?"

"Nyingi."

"Hali yake?"

Ndesanjo aligeuka akazitazama rafu, zote kwa mpangilio wake, akasogea karibu na ubao wa Ruth hadi akaona kisanduku chenyewe.

"Andika mbovu," alisema. "Zote. Weka tiki hapo kwenye mbovu, nikiona. Na hapo chini penye sahihi, dada yangu, naomba nitumie ile haki yangu ya kukataa."